Siku Saba Pwani: Kupima Utayari wa Idara za Afya za Kaunti kwa Janga la Mafua

Siku ya kwanza, Jumatatu: Mombasa

Tumeanza kazi saa mbili asubuhi tukiwa watu wanne: mimi, ambaye kazi yangu ya miaka mingi ni ufuatiliaji wa magonjwa, mtaalamu wa maabara, muuguzi aliyesimamia wadi ya mahututi wakati wa Korona, na daktari wa mifugo, ambaye wenyeji wetu walitaka kujua amefuata nini, mpaka tulipowaeleza kwamba makao ya asili ya virusi vya mafua ni ndege wa majini na kwamba aina mpya zinazomshtua binadamu hutokana na ndege au nguruwe. Kwa siku saba tutapita kaunti tano za pwani ya Kenya, yaani Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu, kutazama jinsi idara zake za afya zilivyojiandaa kulikabili janga la homa ya mafua. Jambo moja nalitanguliza. Majina ya hospitali, zahanati na maofisa nimeyaacha, na mapungufu tuliyoyakuta sikuyaandika chini ya siku wala mahali tulipoyaonea, kwa sababu tulifunguliwa milango kwa ahadi kwamba hatutamwaibisha mtu.

Nilitaka tuanzie Mombasa kwa sababu ya historia. Mafua ya mwaka 1918 yaliingia pwani hii kwa njia ya bahari mwezi wa Septemba. Watafiti waliozichambua kumbukumbu za utawala wa kikoloni za Mkoa wa Pwani wamekadiria kwamba janga lile liliua watu wapatao 25 katika kila 1,000, kwamba kiwango cha vifo cha mwaka ule kilipanda mara sita, na kwamba waliokwenda kutafuta matibabu waliongezeka mara tatu. Nilipozisoma takwimu hizo kwa mara ya kwanza, kilichonishika zaidi ya ukubwa wake ni kwamba zipo. Kuanzia Septemba 1918 hadi Machi 1919, taarifa maalumu za ugonjwa huo zilikusanywa kutoka wilayani, katika zama ambazo muuguzi wa leo hawezi hata kuziwazia, bila simu ya mkononi na bila gari la wagonjwa. Watu walihesabiwa walipokuwa wakifa, na ndiyo maana leo tunajua. Wiki hii nataka kujua kama tungehesabu upesi kuliko walivyohesabu wao, na kama hesabu hiyo ingemfikia mtu mwenye uwezo wa kufanya jambo kabla msiba haujakomaa.

Asubuhi tumekaa na maofisa wa afya wa bandari ya Kilindini na baadaye wa uwanja wa ndege. Hapa ndipo mgawanyo wa madaraka unapoonekana kwa macho. Chini ya Katiba ya 2010, hospitali (isipokuwa zile za rufaa za kitaifa), zahanati na magari ya kubebea wagonjwa ni mali na wajibu wa kaunti, ilhali afya ya mipakani, bandarini na katika viwanja vya ndege imebaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo baharia akishuka melini na homa ya nyuzi 39 na pumzi za kukata, anapokewa na ofisa wa Nairobi, anapakiwa kwenye gari la kaunti, analazwa katika hospitali ya kaunti, na sampuli yake inarudi kwa maabara ya kitaifa. Kila mshono kati ya mikono hiyo ni mahali ambapo saa zinaweza kupotea. Niliwauliza wote swali moja, na nitaliuliza kila ofisi hadi Lamu: saa nane usiku, siku ya sikukuu, nani atampigia nani simu, na kwa salio la nani?

Swali hilo halimo katika fomu yetu rasmi. Fomu inauliza kama mpango wa dharura upo, na karibu kila mahali mpango upo, umechapwa vizuri na kutiwa saini. Sisemi kwamba maandishi hayana maana, kwani kaunti isiyo na mpango huanza kila msiba kwa kubishana nani ni mwenyekiti. Lakini mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga la mafua tarehe 11 Juni, na mwishoni mwa mwezi huohuo Kenya ilikuwa imethibitisha mgonjwa wake wa kwanza, mwanafunzi aliyetoka Uingereza na kundi la wenzake, akiwa Kisumu. Alikwisha kupita uwanja wa ndege, akafika bara, na aligunduliwa mbali kabisa na lango aliloingilia. Tangu hapo siamini kwamba utayari wa kaunti unapimwa langoni peke yake.

Usiku tumekubaliana jambo ambalo mtaalamu wetu wa maabara amelitaka tangu mwanzo. Tutatuma sampuli ya kuigiza, kichupa chenye maji safi kilichoandikwa kama sampuli ya kweli, pamoja na kipimajoto kidogo kinachorekodi joto kila baada ya dakika chache, kutoka zahanati ya mbali hadi maabara ya rufaa. Sampuli ya mafua inayotolewa puani na kooni inapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 na kufika maabara ndani ya saa 72. Ikipita hapo bila kugandishwa kwa baridi kali, virusi huharibika na jibu la maabara haliaminiki tena. Wakuu wa pande zote wamepewa taarifa na kuridhia. Watakaoibeba njiani hawajaambiwa siku wala saa.

Siku ya pili, Jumanne: Likoni, Kwale na Lunga Lunga

Mwenzetu wa maabara ameondoka alfajiri kuelekea zahanati ambayo kaunti yake siiandiki. Saa nne na dakika ishirini asubuhi amenitumia ujumbe kwamba kisanduku cha baridi kimeondoka juu ya bodaboda.

Sisi tumevuka Likoni kwa feri. Anayetaka kuelewa jinsi ugonjwa wa njia ya hewa utakavyosambaa Mombasa hana haja ya kuchora michoro ya kompyuta. Asimame tu kwenye ngazi za feri saa kumi na mbili asubuhi, bega kwa bega na maelfu ya vibarua, wanafunzi na mama wauza mboga. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya amri ya kutotoka nje usiku, umati uliokuwa ukiharakisha kuvuka kabla ya saa moja jioni ulitawanywa hapahapa kwa gesi ya kutoa machozi, na watu ambao wangetakiwa kuachana kwa mita moja wakakanyagana huku wakikohoa. Amri ile ililenga kupunguza maambukizi, lakini saa yake ilipangwa bila kuihesabu feri. Idara ya afya haiendeshi feri na haiamuru polisi. Kwa hiyo tumeandika katika matokeo yetu kwamba zoezi lolote la utayari katika Mombasa na Kwale ambalo halina msimamizi wa kivuko na kamanda wa polisi mezani halijakamilika.

Huko Kwale tumekaa muda mrefu na muuguzi wa zahanati moja, mama mtulivu mwenye daftari lililopigwa mstari kwa rula. Nilimwomba anionyeshe wagonjwa wa wiki iliyopita wenye homa na kikohozi. Fasili inayotumika duniani ni rahisi kukariri: homa ya nyuzi 38 au zaidi pamoja na kikohozi, vilivyoanza ndani ya siku kumi zilizopita, na mgonjwa huyo akihitaji kulazwa, basi anahesabiwa katika kundi la maambukizi makali ya njia ya hewa. Daftari lake lilikuwa na watu wa namna hiyo karibu kila ukurasa. Akanieleza bila kujitetea: "Daktari, hapa homa ikija tunapima malaria kwanza. Malaria isipoonekana, tunatibu kifua. Mafua nitayaandika wapi, na yapo Januari hadi Disemba?"

Amesema kweli, na hilo ndilo fumbo la nchi zetu za joto. Ulaya mafua huja na baridi na kuondoka nayo, hata wimbi lisilo la msimu huonekana mara moja. Pwani yetu virusi vya mafua huzunguka mwaka mzima, vikipanda na kushuka, vikichanganyika na malaria, homa ya denge na vumbi la kaskazi. Mgonjwa wa kwanza wa janga atakuja na dalili zilezile za mgonjwa wa mia wa kawaida. Nilimuuliza mama yule ni nini kingemfanya ashtuke, naye akafikiri kidogo, kisha akajibu: watu wazima wenye nguvu wakianza kulazwa kwa kifua, watu wa nyumba moja wakiugua pamoja na mmoja wao akafa, au muuguzi mwenyewe akianguka baada ya kumhudumia mgonjwa. Miongozo ya ufuatiliaji ina kurasa nyingi, lakini mambo hayo matatu yanatosha kubandikwa ukutani katika kila zahanati ya pwani, na nimeyaandika kama alivyoyasema.

Jioni tumefika Lunga Lunga. Maofisa wa upande huu na wa Horohoro, Tanzania, wanajuana kwa majina na hupigiana simu bila kungoja barua ya wizara. Nimefurahi kuliona hilo, kwa maana jamaa za Kidigo ziko pande zote mbili, arusi na matanga hayajui mpaka, na njia za panya ni nyingi kuliko barabara. Ofisa mmoja alinionyesha daftari la namba za simu lililoandikwa kwa mkono, likiwa na wenyeviti wa vijiji wa upande wa pili.

Siku ya tatu, Jumatano: Kilifi

Leo nimeandika kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya siku imekwenda kwa hesabu ya oksijeni.

Kilifi ina bahati ambayo kaunti nyingi za Afrika hazina. Tangu 1989 kuna kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kinachoshirikiana na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, na tangu mwaka 2000 makumi ya maelfu ya kaya zinazoizunguka hospitali ya kaunti hufuatiliwa kwa vizazi, vifo na uhamaji. Wakati wa Korona maabara ya pale ilipima sampuli za kaunti za pwani na kusoma mpangilio wa vinasaba vya virusi, hata aina mpya zilipoingia zikajulikana hapahapa. Maabara kama hiyo ikiwa pwani, safari ya sampuli hupungua sana. Nililowaomba watu wa kaunti zote ni kwamba makubaliano ya kuitumia siku ya dharura yaandikwe sasa, yakiwa na namba ya simu, aina ya kichupa na jina la mpokeaji, yasingoje ukarimu wa watu wanaojuana.

Muuguzi wetu ndiye aliyeongoza kikao cha oksijeni, na alikiongoza kwa uchungu wa mtu aliyeona. Mtungi mkubwa hubeba takriban lita 6,800. Mgonjwa anayevuta lita kumi kwa dakika humaliza mtungi huo kwa saa kumi na moja hivi, maana yake mitungi miwili kwa siku na ziada kidogo. Wagonjwa kumi wa namna hiyo ni zaidi ya mitungi ishirini kila siku, na lori la kuibeba, na dereva, na mafuta. Mashine ndogo za kuchuja oksijeni kutoka hewani husaidia wagonjwa wa lita tano, na zile kubwa lita kumi, lakini zote husimama umeme unapokatika. Kwa hiyo tuliacha kuuliza hospitali ina mashine ngapi. Tuliuliza ngapi zinawaka leo, nani anazitengeneza zikiharibika, na jenereta ina mafuta ya saa ngapi. Katika safari nzima, ofisi moja kati ya tano haikuwa na jibu la swali hilo la mwisho, na ofisi nyingine ilikuwa na jibu kamili, likiwa limeandikwa kwa chaki juu ya mlango wa jenereta na kubadilishwa kila asubuhi. Nimepiga picha ya mlango ule.

Siku ya nne, Alhamisi: kutoka Malindi hadi Garsen

Tumevuka daraja la Sabaki mapema na kuingia nchi tambarare inayoelekea Mto Tana. Leo ni siku ya daktari wa mifugo.

Delta ya Mto Tana iliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, na mojawapo ya sababu ni ndege. Kila mwaka ndege wa majini hushuka kutoka Ulaya na Asia kuukimbia msimu wa baridi, wakala na kulala katika mabwawa yaleyale ambayo bata na kuku wa vijijini hunywa maji. Mwaka 2017 nchi jirani ya Uganda iligundua mafua ya ndege ya aina ya H5N8 kwa ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria, kisha katika kuku na bata wa kufugwa. Virusi vya H5N1, aina nyingine ya mafua ya ndege, navyo vimekwisha kuwafikia hata ng'ombe wa maziwa huko Marekani, jambo lililotangazwa Machi 2024 na ambalo wataalamu wengi hawakulitarajia. Aina hizi hazijapata uwezo wa kuenea kwa urahisi kutoka mtu hadi mtu. Lakini kila kuku anayechinjwa akiwa mgonjwa ni nafasi moja zaidi kwa virusi kujaribu.

Katika kijiji kimoja cha Wapokomo tulikaa chini ya mwembe na mama mwenye umri wa bibi yangu. Nilimwamkia, akanijibu marahaba kwa upole, kisha daktari wa mifugo akamuuliza: kuku wako wote wakifa kwa siku mbili, mama, utamwambia nani? Alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, kuku kufa ni jambo la kila mwaka. Nimwambie nani? Nikianza kumwambia mtu, nitaambia mpaka lini?"

Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, hufagia kuku wa kienyeji mara kwa mara, na dalili zake kwa macho ni vigumu kuzitenganisha na za mafua makali ya ndege. Lilelile nililolisikia Jumanne kuhusu kikohozi nimelisikia tena leo kuhusu kuku, kwamba jambo la hatari litavaa nguo za jambo la kila siku. Kwa hiyo chanjo ya kideri, ambayo ni ya bei nafuu na kazi ya idara ya mifugo, ni sehemu ya utayari wa idara ya afya, maana kijiji ambacho kuku wake hawafi hovyo kitashtuka wakifa. Nimemwomba mwenzangu aiandike sentensi hiyo mwanzoni mwa sura yake, ingawa fomu yetu haina kisanduku cha kuiweka.

Kuna tumaini moja ambalo halikuwapo miaka ya nyuma. Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini Kenya wamepewa mikoba ya vifaa na simu, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayochangiwa nusu kwa nusu na serikali ya kitaifa na kaunti. Mhudumu wa kijiji kile, kijana mwenye baiskeli, alitufungulia simu yake na kutuonyesha jinsi anavyotoa taarifa ya tukio lisilo la kawaida. Tulimuuliza kama aliwahi kutoa taarifa ya kuku. Hakuwahi, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ni kazi yake, na namba ya ofisa wa mifugo hakuwa nayo. Daktari wetu wa mifugo aliipata kwa simu moja, na kijana akaihifadhi palepale. Ilichukua dakika nne.

Siku ya tano, Ijumaa: Garsen

Tumekaa ofisini kutwa. Alama za mafuriko ya mwishoni mwa 2023 bado zinaonekana kwenye kuta za nyumba, na kila mtu hapa hupima nyakati kwa kabla ya maji na baada ya maji. Idara ya afya ya mahali ambapo kipindupindu, mafuriko na uhamaji wa wafugaji huandamana ina mazoea ya dharura ambayo miji mikubwa haina. Maofisa walinieleza kwa utulivu jinsi walivyopeleka dawa kwa mashua wakati barabara zilipokatika, nani alikopesha mafuta, na ni mzee gani wa Waorma aliyekubali hema la matibabu liwekwe karibu na kisima. Ujuzi huo haumo katika mpango wowote niliousoma. Tumetumia saa tatu kuuandika pamoja nao, nao wakisahihisha majina ya mahali.

Kutoka maabara hatujasikia lolote kuhusu kisanduku chetu. Simu ya mpokeaji inaita bila kujibiwa.

Siku ya sita, Jumamosi: Witu, Mokowe, Amu

Kutoka Garsen hadi Mokowe lami ni nzuri sasa, na vizuizi vya usalama ni vingi. Hilo nalo tumelihesabu, kwa kuwa gari la wagonjwa husimama mahali pale ambapo kila gari husimama. Kutoka Mokowe tumepanda mashua hadi Amu, yaani mji wa Lamu.

Lamu haihitaji kufundishwa maana ya mlipuko. Mwaka 2004, baada ya ukame, chikungunya iliingia kisiwani kupitia mbu waliozaliana katika maji yaliyohifadhiwa majumbani, na uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba robo tatu ya wakazi wa mji walikuwa wameambukizwa. Kutoka pwani hii ugonjwa ulivuka hadi Komoro, kisha Réunion, na miaka iliyofuata ukazitikisa nchi nyingi za Bahari ya Hindi. Mzee mmoja aliyetukaribisha kahawa kwenye baraza alikumbuka jinsi watu walivyotembea wameinama wakishika kuta za vichochoro, na kwamba katika nyumba yake hakubaki mtu wa kuteka maji. Jina lenyewe la ugonjwa limetoka katika Kimakonde na maana yake ni kujikunja. Virusi vile havihusiani na mafua, lakini nilimwomba mzee azidi kueleza, kwa sababu janga kali la mafua lingeleta hali ileile ya nyumba nzima kulala kwa wakati mmoja. Nilimuuliza nani alizilisha nyumba za namna hiyo. Alitaja wanawake wa mtaa, kwa jina mmoja mmoja, na msikiti uliotoa unga.

Idara ya afya ikitaka kuwatenga wagonjwa majumbani mwao, itakuta nyumba za mawe zenye ua mmoja, vichochoro ambavyo watu wawili hupishana kwa kugeuza mabega, na familia ambayo haitamwacha mgonjwa wake peke yake kwa amri ya mtu. Itakuta pia Maulidi, ambayo huleta wageni kutoka pwani nzima na ng'ambo. Nimesikia watu wakisema kwamba siku ya janga shughuli hizo zitafungwa tu. Mimi naona kwamba uamuzi wa aina hiyo ukitangazwa bila masharifu, maimamu na akina mama wa mtaa kuwa wameushiriki tangu mwanzo, hautatiiwa, na walio wazima watakutana kwa siri katika vyumba visivyo na hewa. Mwaka 2020 misikiti na makanisa ya nchi nzima yalifungwa, na wapo waumini ambao jeraha hilo bado wanalo.

Umbali ndio ulionielemea zaidi. Oseltamivir, dawa ya kupambana na virusi vya mafua, hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili kuanza. Mtu wa Faza, kisiwani Pate, au wa Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, akiugua usiku, pepo za kusi zikivuma na mashua zisiweze kuondoka, nusu ya saa hizo zimekwisha kabla hajaonwa. Tumependekeza akiba ndogo ya dawa na oksijeni iwekwe katika vituo vya mbali kama hivyo kabla ya janga kutangazwa, na kwamba muuguzi wa huko awe na ruhusa ya maandishi ya kuianzisha dawa bila kungoja jibu la maabara.

Siku ya saba, Jumapili: Amu

Saa tatu asubuhi ujumbe wa maabara umefika.

Sampuli yetu ilipokewa Alhamisi saa kumi jioni, baada ya saa 53 na dakika 40, ndani ya muda unaotakiwa. Niliisoma sentensi hiyo mara mbili kwa furaha. Kisha nikafungua rekodi ya kipimajoto. Usiku wa Jumatano joto la kisanduku lilipanda taratibu hadi nyuzi 14 na kukaa hapo kwa muda wa saa tisa. Mwenzetu wa maabara alipiga simu mpaka akapata maelezo. Kisanduku kilifika katika hospitali ya kati saa mbili usiku, chumba cha maabara kikiwa kimefungwa. Mlinzi wa usiku alikipokea, akatia saini kwa usafi, akakiweka juu ya meza ya mapokezi ambako angekiona mpaka asubuhi asije mtu akakiiba. Alikilinda kweli. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ndani mna barafu inayoyeyuka, wala kwamba friji ya chanjo iko hatua thelathini kutoka pale alipokaa.

Kuna la pili. Sampuli ilisafiri chini ya saa 54, lakini jibu limetumia saa 65 kurudi, kwa kuwa lilitumwa kwa anwani ya barua pepe ya ofisa aliye likizoni, likakaa huko mpaka mtu alipokumbuka kumpigia. Safari ya kwenda ina mashimo, mito na vizuizi vya polisi. Ya kurudi haina hata kimoja, nayo ndiyo iliyochelewa.

Alasiri tulikusanyika na maofisa kwa zoezi la mwisho la kuigiza, kama tulivyofanya katika kila kaunti. Nilisoma kisa: fundi wa jahazi, umri wa miaka 34, homa na kifua, ndugu yake amefariki juzi; leo ni Jumamosi jioni. Kisha nikakaa kimya na saa mkononi. Nikizichanganya kaunti zote tano, mgonjwa alitambuliwa haraka na simu za kwanza zilipigwa ndani ya dakika chache. Mahali tulipokwama mara nyingi ni pesa. Sheria inaziruhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura, lakini swali la nani anaweza kutia saini Jumamosi jioni ili mashua ipate mafuta lilileta kimya kirefu kuliko maswali yote ya kitabibu. Katika chumba kimoja, ofisa wa fedha, ambaye alikuwa amealikwa kwa mara ya kwanza katika kikao cha afya, alivunja kimya hicho kwa kusema kwamba inawezekana kutenga kiasi kidogo mapema na kumpa ofisa wa zamu kibali, kwamba utaratibu upo, na kwamba hajawahi kuombwa. Aliandika rasimu ya barua palepale.

Kabla ya magharibi tumerekebisha orodha ya watakaopewa mafunzo robo ijayo. Ilikuwa na wauguzi, maofisa wa maabara, madereva na wahudumu wa afya ya jamii. Tumeongeza ofisa wa fedha wa kila idara, ofisa wa mifugo wa kila wadi, na walinzi wa usiku wa hospitali tano. Mwenzetu wa maabara amempigia tena mlinzi yule, safari hii kumshukuru na kumwelekeza friji ilipo, naye ameuliza kama anaweza kupewa ufunguo.

Barua ya kuomba ufunguo huo nimeiandika usiku huu, na itaondoka na mashua ya saa kumi na mbili asubuhi.